Kabla ya kutuma pesa ili ngoma yako iingizwe kwenye pleilisti

"Sasa bro. Nimeskia ngoma yako, iko sawa kabisa. Niko na pleilisti ya wasikilizaji elfu arobaini. Kuingizwa ni 3,500 pekee, tuma kwa hii namba na uweke ya kutolea. Ndani ya masaa 24 utaona strimu zikipanda. Nafasi zimebaki mbili."

Kama wewe ni prodyuza au msanii wa Eastlands, huenda umeshapata ujumbe wa aina hii. Unakuja kwa WhatsApp au Instagram, mara nyingi siku moja au mbili baada ya wimbo kutoka, wakati ule unaangalia simu kila dakika tano kuona kama namba zimesonga. Bei hubadilika na maneno hubadilika, lakini mwisho ni ule ule: tuma pesa kwa namba ya simu.

Pesa hizo hupitia kwenye huduma kama yetu, na zikishatoka kwako kwa hiari ni vigumu kuzirudisha. Ndiyo maana wiki hii tumeacha masomo ya kawaida ya Till na mikopo midogo, tukaandika kuhusu muziki. Tunaongea na yule prodyuza wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu au Pipeline ambaye hana lebo wala meneja, studio yake ni chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani, na akinunua tokeni za stima anajua kabisa atamaliza miksi ngapi kabla hazijaisha.

Jambo kubwa ni hili: njia rasmi ya kumfikia mteuzi wa pleilisti, yaani yule mtu anayechagua nyimbo zitakazoingia, haina malipo. Ina tarehe ya mwisho. Ukiikosa hiyo tarehe, hapo ndipo yule jamaa wa 3,500 anakupata ukiwa na njaa.

Mlango umehama

Muziki wa hapa kwetu haujawahi kukosa mtu wa kukaa mlangoni. Enzi za santuri, mwanamuziki wa benga alimtegemea mwenye duka la muziki River Road, au alisafiri hadi Kericho kwa Chandarana, familia ya Wahindi iliyorekodi na kutoa santuri za wanamuziki wengi wa magharibi ya Kenya. Baada ya hapo kulikuwa na mtangazaji wa redio. Kalamashaka wa Dandora walipotoka na "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, redio ndiyo iliyowabeba. Miaka michache baadaye Clemo akiwa na Calif Records, pale mtaa wa California karibu na Eastleigh, aliwatoa kina Nonini na Jua Cali, na genge ikashika redio na matatu kwa pamoja.

Ethic wa Umoja walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018, Spotify ilikuwa haijafika Kenya. Wimbo ulipanda kwa YouTube, kwa skrini za matatu na kwa watu kutumiana kwenye simu. Mteuzi wa pleilisti wakati huo alikuwa dereva wa nganya na DJ aliyemjazia flash.

Spotify ilifunguliwa hapa Februari 2021. Boomplay na Mdundo zilikuwepo tayari, na Mdundo ilianzia papa hapa Nairobi. Tangu hapo msikilizaji wa kawaida, hasa mwenye bando ndogo, anafungua orodha iliyopangwa tayari, anabonyeza cheza, anaweka simu mfukoni. Hatafuti jina lako. Kwa hivyo mlango sasa ni pleilisti, na kila mlango wenye foleni huzaa mtu wa kuuza nafasi.

Hilo pia si geni wala si la Kenya pekee. Marekani mwaka 1959 na 1960 Bunge lilichunguza madj waliokuwa wakipokea pesa kisirisiri ili wacheze nyimbo. Alan Freed, DJ aliyekuwa maarufu kuliko wengi, alipoteza kazi 1959, na sheria ya utangazaji ikabadilishwa 1960 ili malipo kama hayo yatangazwe wazi. Tofauti ni kwamba yule aliyemlipa DJ angalau wimbo wake ulichezwa kwa watu. Anayelipa leo mara nyingi wimbo wake unachezewa mashine.

Pleilisti haziko za aina moja

Matapeli hupenda kuzichanganya, kwa hivyo tuzitenganishe haraka. Kuna zile za kampuni yenyewe, zinazochaguliwa na wahariri walioajiriwa. Kuna zile zinazotengenezwa na mashine kwa kila msikilizaji kulingana na anachosikiliza, kama Release Radar ya Spotify inayotoka kila Ijumaa. Halafu kuna zile za watu binafsi: mwanafunzi, mwenye baa, DJ, mwenye gym, yeyote yule.

Hizo za kwanza haziuzwi. Spotify imesema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kununua nafasi kwenye pleilisti za wahariri wake, na anayedai anaweza kukuuzia anadanganya. Za pili hakuna binadamu wa kumpa pesa hata ukitaka. Zinabaki za tatu, na humo kuna watu wazuri wanaopenda muziki kweli, na kuna wale wenye "wasikilizaji elfu arobaini" ambao hawana masikio.

Prodyuza, swali la kwanza ni jina la nani liko mbele

Hapa ndipo maprodyuza wengi hukwama bila kujua, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Kupeleka ombi la wimbo kwa wahariri wa Spotify unatumia Spotify for Artists, ambayo ni ya bure. Lakini anayeweza kupeleka ombi ni yule aliye msanii mkuu wa wimbo, au mtu aliyeongezwa kwenye timu yake. Ukiwa umeandikwa kama msanii mgeni, huwezi. Ukiwa umeandikwa tu kwenye sehemu ya watayarishaji, huwezi. Biti ni yako, miksi ni yako, hata maikrofoni ni yako, lakini kwenye ile fomu wewe hauko.

Kuna njia mbili za kutatua hilo, na zote zinaamuliwa kabla ya wimbo kupelekwa kwa msambazaji. Ya kwanza, mkubaliane kwamba nyinyi wawili ni wasanii wakuu, majina yote mbele. Imekuwa kawaida sana kwenye drill na arbantone, na kwa maoni yetu ni haki pale ambapo biti ndiyo wimbo. Ya pili, msanii akuongeze kwenye timu ya akaunti yake, ndipo wewe uliye makini na tarehe ujaze fomu kwa niaba yake. Tumependekeza hii ya pili kwa studio ndogo kwa sababu ukweli ni kwamba msanii wengi wao siku ya fomu wako kwenye shughuli, na prodyuza ndiye anakaa mbele ya kompyuta.

Na mkiwa hapo, maliza na suala la mgao. Karatasi moja tu: jina la wimbo, majina kamili ya waliohusika, kila mtu ana asilimia ngapi ya rekodi na ya utunzi, sahihi, tarehe. Piga picha, kila mtu abaki nayo kwa simu. Tunalisema hili kama kampuni ya malipo kwa sababu tunaona watu wakitegemea ujumbe wa muamala kama mkataba. Ujumbe unaosema umepokea 2,000 kutoka kwa fulani unathibitisha umepokea 2,000. Hausemi kama ulikuwa umeuza biti kabisa, umeikodisha, au umelipwa saa za studio pekee. Wimbo ukibaki bila kusikika, hakuna atakayeuliza. Ukiingia kwenye pleilisti kubwa, kila mtu atakumbuka mambo kivyake.

Wasambazaji kadhaa, DistroKid akiwa mmoja wao, wana sehemu ya kugawa mapato moja kwa moja ili kila mtu apate fungu lake bila kusubiri mwenzake amtumie. Itumieni. Imeokoa urafiki mwingi.

Siku saba, na kwa nini tunasema wiki nne

Ombi kwa wahariri wa Spotify hupelekwa kwa wimbo ambao haujatoka. Ukishatoka, dirisha limefungwa. Na unapeleka wimbo mmoja kwa wakati mmoja, huwezi kuwapa EP nzima wachague.

Spotify wanataka ombi liwafikie angalau siku saba kabla ya tarehe ya kutoka. Ukitimiza hizo siku saba, kuna kitu unapata hata kama mhariri hakuchagua: wimbo huo unaingia kwenye Release Radar za watu wanaokufuata. Yaani ukiwa na wafuasi 300 wa kweli pale Jericho na Makadara, Ijumaa ile wimbo unawekwa mbele yao bila wewe kulipa shilingi. Mtu anayetoa wimbo usiku wa kuamkia siku aliyoimaliza anaitupa hiyo nafasi, halafu kesho yake anatafuta wa kumlipa.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Wimbo lazima uonekane kwenye akaunti yako kama wimbo unaokuja ndipo uweze kujaza fomu. Ili uonekane, msambazaji lazima awe ameukagua na kuupeleka. Hapo kuna siku kadhaa, na zaidi kama picha ya jalada imekataliwa. Jalada huhitaji kuwa la mraba, kawaida pikseli 3,000 kwa 3,000, bila namba ya simu wala nembo za kampuni za watu. Ndiyo maana tunashauri umalize masta na uipeleke kwa msambazaji wiki nne kabla. Wiki ya kwanza inaliwa na marekebisho. Wiki ya pili unajaza fomu bila presha. Mbili zilizobaki ni za klipu, mabango na kuzungusha kwa madj.

Tunajua mtaani wiki nne ni kama mwaka. Stori ya wimbo inaweza kupoa, mwenzako akatoa kitu kinachofanana. Lakini huo muda si wa kukaa kimya. Weka kipande cha sekunde 20 kwa TikTok, ona watu wanashika mstari gani. Utakachojifunza hapo ndicho utakachoandika kwenye fomu.

Kwa Apple Music na Boomplay, ombi kwa kawaida hupitia kwa msambazaji wako, na si kila msambazaji anatoa hiyo huduma kwenye kifurushi cha bei ya chini. Muulize kabla ya kulipia mwaka mzima. Mdundo inapokea nyimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii, na miksi za madj hupendwa sana huko, jambo ambalo tutalirudia.

Uandike nini

Fomu ya Spotify inauliza aina ya muziki, hali au hisia ya wimbo, lugha, vyombo, na mahali ulipotoka. Halafu kuna sehemu ya maelezo yasiyozidi herufi 500. Ni fomu ile ile anayojaza prodyuza huru wa Mumbai, wa Lahore au wa Dhaka, na tatizo lake linafanana na letu: akijaza kijuujuu, wimbo wa Kipunjabi au wa Kibangla unapotea kwenye kapu kubwa la "muziki wa dunia". Wako nao ukiuandika "Afropop" kwa sababu neno hilo linaonekana kubwa, unashindanishwa na Lagos. Kama ni genge, drill au arbantone, sema hivyo. Kama lugha ni Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, sema hivyo. Mhariri anatafuta wimbo wa kujaza nafasi fulani kwenye orodha fulani. Msaidie aijue nafasi yako.

Maelezo tunayoyaona mara nyingi huwa hivi: "Hii ni ngoma kali sana, itabamba Afrika nzima. Tumetoka mbali, tafadhali tusaidieni. Mungu awabariki." Baraka ni nzuri, lakini hapo hakuna hata kitu kimoja ambacho mhariri anaweza kukitumia. Kila wimbo kwenye foleni yake ni mkali.

Linganisha na haya, ya wimbo tuliouwazia tu kwa ajili ya somo:

"Arbantone ya kucheza, Kiswahili na Sheng, kuhusu kondakta anayehesabu chenji saa nne usiku. Biti imetengenezwa Kayole, hakuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine. Honi inayosikika tulirekodi wenyewe stejini. Kipande cha korasi kiko TikTok wiki mbili sasa, na madj wawili wa matatu za Embakasi wanaucheza tayari. Video inatoka siku moja na wimbo. Unafaa orodha za sherehe na za safari ya jioni."

Hayafiki herufi 500, na kila sentensi ina kazi: ni muziki gani, unahusu nini, ni halali, nani tayari anausikiliza, kuna mpango gani, utakaa wapi. Wahariri wengi hufanya kazi kwa Kiingereza, kwa hivyo ukiweza andika kwa Kiingereza chepesi, lakini usitafute maneno makubwa. Na usitie chumvi. Ukisema redio fulani inaucheza, hakikisha inaucheza.

Ile sentensi ya "hakuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine" tumeiweka makusudi. Arbantone inapenda kuchota kutoka nyimbo za zamani, ridimu za dancehall na genge ya miaka ya 2000, na raha yake iko hapo hapo. Lakini kama hujapata ruhusa, mwenye wimbo anaweza kuuangusha wako siku ambayo hatimaye umeanza kusikika. Kama umechota, omba ruhusa kwanza, na uiweke kwa maandishi. Na kazi yako mwenyewe isajili KECOBO, ambako usajili hufanywa mtandaoni.

Ukinunua strimu, unanunua nini

Turudi kwa jamaa wa 3,500. Tuseme umetuma. Kuna mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, anakublock. Hilo ndilo afadhali, kwa sababu umepoteza pesa tu.

La pili, strimu zinapanda kweli. Elfu mbili, elfu tano kwa siku mbili. Unafurahi, unapost. Halafu ukifungua akaunti yako ukaangalia wasikilizaji wako wako wapi, unakuta miji ambayo hujawahi kuisikia, hakuna aliyeuhifadhi wimbo, hakuna mfuasi hata mmoja mpya. Hizo ni roboti.

Spotify hugundua, na ikigundua huzitoa hizo strimu kwenye hesabu na hazilipwi. Tangu 2024 pia humtoza msambazaji faini kwa wimbo uliojaa strimu feki, na baadhi ya wasambazaji humpitishia msanii faini hiyo. Wengine huuondoa wimbo kabisa, au kufunga akaunti pamoja na nyimbo zako zote za zamani ambazo hazikuwa na tatizo. Kusema "sikujua, ni promota alifanya" hakusaidii sana.

Kuna sheria moja ambayo imewapa matapeli maneno mapya. Tangu 2024, wimbo kwenye Spotify lazima ufikishe angalau strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita ndipo uanze kuhesabiwa malipo ya rekodi. Kwa hivyo sasa anakuambia: "Buda, bila elfu moja hulipwi kitu, wacha nikuvushe." Inasikika kama mantiki. Lakini strimu za roboti hazihesabiwi kwenye hiyo elfu, na hata ungevuka, malipo ya strimu 1,000 za kweli hayakaribii hizo 3,500 ulizotoa. Fanya hivyo kwa nyimbo nne kwa mwaka, ni 14,000. Hiyo ni maikrofoni.

Kabla hujabonyeza namba ya siri

Mwambie akutumie linki ya pleilisti yenyewe, si picha ya skrini. Ifungue. Angalia nyimbo zilizomo: je, zinafanana kwa mtindo, au kuna drill ya Nairobi, wimbo wa kulaza watoto na muziki wa kusomea kutoka wasanii ambao hawana hata picha? Mteuzi wa kweli ana ladha. Orodha ya kuuza haina ladha, ina risiti tu.

Angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala. Kampuni ya muziki haikusanyi malipo kwa namba binafsi ya mtu, na haikuambii "weka ya kutolea". Jina likiwa halihusiani na aliyekuwa akiongea nawe, simama hapo. Haraka ya "nafasi mbili zimebaki" ni ya kwake, si yako.

Kuna hatari moja kubwa kuliko hata pesa. Wengine hawaombi malipo kwanza, wanaomba uwaongeze kwenye timu ya akaunti yako ya msanii, au wakutumie namba ya uthibitisho "ili tukuunganishe". Mtu akishaingia kama msimamizi anaweza kubadilisha mambo yako na kukutoa wewe. Namba ya siri ya pesa, namba za uthibitisho zinazoingia kwa meseji, na nywila ya msambazaji haziendi kwa mtu yeyote. Sisi wenyewe hatutakupigia kuziuliza.

Kama tayari umetuma, piga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa mara moja, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Muda ndio kila kitu, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hazipo tena kwenye mfumo. Tuseme ukweli pia: pesa zilizoenda namba isiyo sahihi na pesa ulizotuma mwenyewe kwa mtu aliyekudanganya hazishughulikiwi sawa. Hii ya pili ni kesi ya ulaghai, na huenda ukahitaji kuripoti polisi. Usifute mazungumzo. Usitume ya pili "kufungua" ya kwanza. Na mwandikie msambazaji wako mapema, umtajie hiyo pleilisti, kabla yeye hajakuandikia wewe.

Malipo ambayo ni sawa

Hatusemi usitoe hata shilingi. Msambazaji hulipwa, ama kwa mwaka ama kwa asilimia. Mbuni wa jalada hulipwa. Kuna pia huduma kama SubmitHub ambapo unalipa kidogo ili mteuzi binafsi ausikilize wimbo na kukujibu. Unalipia muda wa masikio yake, na anaweza kukataa. Wengi hukataa, kusema kweli, kwa hivyo weka kikomo cha pesa kabla ya kuanza na uchague wateuzi wanaogusa mtindo wako. Malipo hayo huwa kwa kadi, na kadi pepe inayounganishwa na pesa za simu inatosha. Ijaze kiasi cha siku hiyo tu.

Upande wa kupokea, wasambazaji wengi hulipa kwa PayPal au benki. Tangu 2018 unaweza kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa. Angalia kiwango cha kubadilisha dola na makato, na usitoe vipande vidogo vidogo kila wiki, ada itakula kila kitu. Subiri zifike kiasi cha maana. Malipo ya studio nayo yapokee kwa Till ya biashara badala ya namba yako binafsi. Mwisho wa mwezi utaona ni kiasi gani kimeingia kwa biti na ni kiasi gani ni pesa ya chakula uliyotumiwa na shangazi.

Swali tunaloulizwa sana ni kuhusu madj: je, nikimlipa DJ wa matatu au wa miksi, ni utapeli? Jibu letu ni kwamba inategemea unalipia nini. DJ akikuambia bei ya kutangaza wimbo wako kwenye miksi yake, hiyo ni kazi ya matangazo na mnakubaliana kama biashara nyingine yoyote: lipa nusu kwanza, nusu ukishausikia kwenye miksi. Wako madj wengi ambao hawatozi, wanataka tu faili safi, yenye jina sahihi na toleo lisilo na matusi la kuchezwa mchana. Panda 58 ya Buruburu jioni, sikiliza nani ametajwa kwenye miksi, umwandikie kwa heshima: "Habari DJ, mimi ni prodyuza wa Donholm, nimeskia miksi yako kwa mathree jana. Nina wimbo unaotoka Ijumaa ya tarehe 20, naomba nikutumie." Fanya hivyo wiki ile ile unayojaza fomu, ili ukiandika kwamba madj wanaucheza, wawe wanaucheza.